Nani Kasema? Juu ya Kunukuu na Kurejelea Tamthiliya ya Kinjeketile

Katika makala haya nakusudia kulijadili jambo ambalo wengi wetu tunalichukulia kuwa ni kazi ya dakika tano za mwisho, pale insha inapokuwa imekwisha kuandikwa na mtu yuko mbioni kuiwasilisha: namna ya kunukuu tamthiliya na kutaja mahali tulipoyatoa maneno tuliyonukuu. Najua mada ya aina hii inachosha. Mwenzangu mmoja nilipomwambia kwamba nataka kuandika juu ya marejeo aliniuliza kama nimekosa la kuandika. Sijakosa. Nimeumbuka, ndiyo maana naandika.

Ilikuwa hivi. Tulipewa insha juu ya Kinjeketile, tamthiliya ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969. Nakala za maktaba zilikuwa zimeazimwa zote, nami sikuwa na yangu. Nilichokuwa nacho ni makala mbili za Kiingereza zilizoihakiki tamthiliya hiyo, na ndani yake wahakiki walikuwa wamenukuu maneno ya wahusika kwa Kiingereza. Basi nikafanya ujanja. Nikayachukua maneno yale ya Kiingereza, nikayageuza kuwa Kiswahili changu mwenyewe, nikayatia ndani ya alama za kunukuu, na mbele yake nikaandika Hussein, 1969, pamoja na namba ya ukurasa niliyoikuta kwenye makala za watu. Kwa macho insha ilipendeza. Ilikuwa na manukuu saba.

Mwalimu hakunigombeza. Aliniita ofisini, akatoa nakala yake ya Kiswahili iliyochakaa hadi jalada linashikiliwa na gundi, akaniwekea mezani, akasema, "Nionyeshe." Nikafungua ukurasa nilioutaja. Waliokuwa wakizungumza pale ni watu wengine kabisa na habari nyingine kabisa. Nikajitetea kwamba matini ya Kiingereza, iliyotoka mwaka 1970, imetafsiriwa na Hussein mwenyewe, kwa hiyo maneno ni yake tu. Akaniambia, "Sawa mwanangu. Kiingereza kaandika Hussein. Kiswahili cha kitabuni kaandika Hussein. Hiki cha kwako kaandika nani?"

Sikuwa na jibu, na swali hilo ndilo lililonifanya niisome tena tamthiliya yote, safari hii kitabu chenyewe kikiwa mkononi. Niliyoyaona yananifanya niseme kwamba suala la marejeo katika uhakiki wa tamthiliya si suala la adabu ya kitaaluma tu. Ni suala la kusoma. Mtu asiyejua kurejelea tamthiliya, mara nyingi hajajua bado ni nani anayezungumza ndani yake.

Tuangalie insha zetu wenyewe. Chukua yoyote iliyoandikwa juu ya tamthiliya, utakuta sentensi inayoanza na "Hussein anasema kwamba..." au "Mwandishi anatuambia kwamba...", kisha yanafuata maneno ya mhusika. Katika riwaya usemi huu unaweza kuvumilika kidogo, kwa sababu kuna msimulizi, na japo msimulizi si mwandishi, walau kuna sauti moja inayotuongoza. Katika tamthiliya sauti hiyo haipo. Mwandishi wa tamthiliya amekaa kimya. Wanaosema ni wahusika, na kila mmoja anasema kwa sababu zake, mbele ya mtu fulani, akiwa na hofu au tamaa fulani. Mahali ambapo mtunzi mwenyewe anazungumza ni pawili tu: katika maelekezo ya jukwaani, na katika dibaji kama ameandika dibaji. Kwa hiyo anayeandika "Hussein anasema" kisha akanukuu maneno ya Kitunda, amemsingizia Hussein.

Mtaniambia natia chumvi, eti msomaji anaelewa tu. Haya, tuutazame mfano ambao mimi mwenyewe uliniangusha.

Mnakumbuka kwamba katika tamthiliya hii Kinjeketile anapandwa na Hongo, yule pepo wa majini, anaingia mtoni, na anapotoka analeta maji pamoja na habari kwamba watu waungane dhidi ya Mjerumani. Katika habari hiyohiyo limo jambo la kushangaza: kwamba wakishamshinda Mjerumani watakuwa watoto wa Seyyid Said. Nani kasema hivyo? Katika insha yangu niliandika, bila wasiwasi wowote, kwamba Kinjeketile anataka Waafrika warudi chini ya utawala wa Waarabu, na kwamba hapo Hussein anauonyesha udhaifu wa kiitikadi wa kiongozi wake. Nikaweka na ukurasa. Safari hii ukurasa ulikuwa sahihi, maana hapo nilimwomba mwenzangu aniangalizie kitabuni. Na bado marejeo yale yalikuwa ya uongo.

Kwa sababu anayesema pale si Kinjeketile akiwa na akili zake. Ni mtu aliyepandwa. Mdomo ni wa Kinjeketile, lakini sauti, kwa imani ya watu wanaomzunguka, ni ya Hongo. Na Hussein hakuliacha jambo hili hewani. Baadaye Kinjeketile, akiwa timamu, anakabiliwa na maneno hayo yaliyotoka kinywani mwake, na yanamtikisa. Anajiuliza maana yake. Itakuwaje tumwage damu kumwondoa bwana mmoja ili tuingie mikononi mwa bwana mwingine? Hapo ndipo shaka inapomwingia, na kuanzia hapo yeye ndiye mtu asiye na uhakika na maji kuliko wote, wakati watu wake ndio wenye uhakika kabisa. Jambo jingine: Seyyid Said alifariki mwaka 1856. Hongo anawaahidi watu wa mwaka 1904 na 1905 kuwa watoto wa mtu aliyekwisha kuwa marehemu karibu miaka hamsini. Kama ahadi hii ni ya kiongozi, ni kosa la kisiasa. Kama ni ya pepo, ni kitendawili ambacho kiongozi ameachiwa akitegue, naye anashindwa, na kushindwa kwake ndiko msiba wenyewe. Hizi ni tamthiliya mbili tofauti, na tofauti yake yote imo katika yale maneno mawili matatu tunayoandika kabla ya kufungua alama za kunukuu.

Kwa hiyo naona kanuni ya kutaja jina la mtunzi, mwaka na ukurasa, ambayo tumeipokea kutoka katika taaluma nyingine na ambayo inamfaa sana mtu anayeandika juu ya uchumi, kwa tamthiliya haitoshi. Ukurasa unamwonyesha msomaji mahali pa kutazama. Haumwonyeshi nani anasema, kwa nani, katika hali gani. Mambo hayo inabidi yaandikwe ndani ya sentensi yenyewe: "Kinjeketile, akiwa amepandwa na Hongo, anawaambia watu waliokusanyika..." Sentensi inakuwa ndefu, kweli. Lakini nusu ya uhakiki imekwisha kufanyika humo.

Maelekezo ya jukwaani nayo tunayaonea. Ama tunayaacha kabisa, kana kwamba ni maelezo ya fundi wa taa, ama tunayanukuu pamoja na mazungumzo bila kutenganisha. Chukua suala la Kinjeketile kutoka majini. Swali la kwanza la mhakiki lisiwe kama alitoka mkavu au la. Swali ni: nani anatuambia? Jambo likisemwa katika maelekezo ya jukwaani, mtunzi amelithibitisha. Litatokea mbele ya macho ya watazamaji. Jambo hilohilo likisemwa na mtu mmoja akimweleza jirani yake, basi ni uvumi, na katika tamthiliya hii uvumi ni nguvu kubwa kuliko maji yenyewe. Anayenukuu bila kubainisha hili anaugeuza uvumi kuwa tukio.

Kuna kosa jingine ambalo ni kubwa zaidi, nalo hufanywa hata na watu waliokwisha kupata shahada. Ni kuichukua tamthiliya kuwa ni kitabu cha historia. Nimesoma insha, na si moja, ambamo Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 vinaelezwa kwa kurejelea Kinjeketile peke yake. Hussein mwenyewe alilikataa jambo hili mapema. Katika dibaji anatofautisha mtu wa historia na mhusika wake, na anasema wazi kwamba amemfinyanga mhusika kwa mahitaji ya sanaa. Hata majina tunaweza kuyatumia kuwatofautisha: wanahistoria humwandika Kinjikitile Ngwale, wa Ngarambe, mhusika ni Kinjeketile. Zile herufi mbili zisidharauliwe. Kinjikitile alinyongwa na Wajerumani mapema Agosti 1905, siku chache tu baada ya vita kuanza katika vilima vya Umatumbi. Mapigano makubwa ya Mahenge, ambako bunduki za mzinga ziliwafyeka watu, yalikuja mwishoni mwa mwezi huo, yeye akiwa kaburini. Kinjeketile wa jukwaani ameachwa hai mpaka ayaone maji yakishindwa. Hussein alimhitaji hai. Bila hivyo tusingelipata onyesho la kifungoni, ambamo Kitunda anamsihi aseme kwamba maji yalikuwa ya uongo, naye anakataa, kwa kufikiria watoto na wajukuu watakaolirithi neno lile.

Sasa mwanafunzi akiandika kwamba "Kinjikitile alikataa kuyakana maji mbele ya Wajerumani (Hussein, 1969)", amefanya nini? Amechukua tunda la sanaa akalipeleka sokoni kuliuza kama ushahidi. Anayetaka historia ipo: Gwassa na Iliffe walihariri kumbukumbu za vita hivyo mwaka 1968, na Gwassa aliendelea na utafiti hadi tasnifu yake ya mwaka 1973, akitumia masimulizi ya wazee. Uzuri wa Kinjeketile unaonekana zaidi pale unapoviweka vitabu hivi viwili kando kwa kando na kuona ni wapi mtunzi amekengeuka, na kwa nini. Lakini huwezi kuuona mkengeuko kama marejeo yako yamevichanganya vyote chunguni.

Nije kwa Shakespeare, maana wenzetu wa idara ya Kiingereza hupenda kutucheka kwamba wao wana utaratibu na sisi hatuna. Wao hutaja tendo, onyesho na mstari. Ni utaratibu mzuri, kwa sababu haujali umeshika chapa gani. Ila tusidhani umeshushwa kutoka mbinguni. Katika mkusanyo wa tamthiliya za Shakespeare wa mwaka 1623, Julius Caesar imegawanywa katika matendo bila mgawanyo kamili wa maonyesho; migawanyo mingi waliiweka wahariri waliofuata, kuanzia Nicholas Rowe mwaka 1709, na hesabu ya mistari iliyoenea sana ilitokana na chapa ya Globe ya mwaka 1864. Tena pale wahusika wanapozungumza kwa nathari, mistari huhama kufuatana na upana wa ukurasa. Kwa hiyo nao, pamoja na maringo yote, inawabidi wataje chapa.

Na hapa sisi tuna mfano wetu. Mwalimu Nyerere aliitafsiri tamthiliya hiyo mwaka 1963, kisha akairekebisha mwenyewe na kuitoa tena mwaka 1969, mwaka uleule aliotoa Mabepari wa Venisi. Anayeandika "katika tafsiri ya Nyerere" bila kusema ni ipi, hajasema kitu. Kama Mwalimu aliona haja ya kurudi na kubadili, mabadiliko hayo ndiyo chakula cha mhakiki! Kisha lipo neno hilo "mabepari". Shakespeare alisema mfanyabiashara, tena mmoja. Ukilijadili neno "mabepari" kama la Shakespeare umekosea mtu. Ni la Nyerere, tena la Nyerere wa miaka miwili baada ya Azimio la Arusha.

Majina ya watu nayo yanapotea katika marejeo yetu, na si kwa bahati mbaya tu. Mzalendo Kimathi imeandikwa na watu wawili, Ngugi wa Thiong'o na Micere Githae Mugo, halafu kuna aliyeileta katika Kiswahili. Hesabu ni mara ngapi umekuta "tamthiliya ya Ngugi". Mwanamke kafutwa, mtafsiri kafutwa. Harakati za Ukombozi ya mwaka 1982 ni ya wanawake watatu, Penina Muhando, Amandina Lihamba na Ndyanao Balisidya. Anayetaja jina la kwanza na kuweka "na wenzake" katika insha inayohusu ushirikiano wa wanawake katika sanaa, sijui ameisoma kwa jicho gani. Na Penina Muhando wa Hatia ndiye huyohuyo Penina Mlama wa maandishi ya baadaye juu ya sanaa za maonyesho. Niliwahi kusikia katika semina mtu akilinganisha "mtazamo wa Muhando" na "mtazamo wa Mlama" kama wapinzani wawili. Hatukumkatiza, maana alikuwa anaendelea vizuri.

Juu ya onyesho la jukwaani nitasema kidogo, ingawa linastahili makala yake. Niliwahi kuiona Kinjeketile ikichezwa na wanafunzi, na aliyeigiza Kitunda aliruka sehemu ya maneno yake katika lile onyesho la kifungoni. Sijui alisahau au aliagizwa. Matokeo yake Kinjeketile alionekana mkaidi mtupu, anakataa bila kusihiwa. Jirani yangu akaandika mapitio akilalamika kwamba "tamthiliya" haimpi Kitunda hoja. Tamthiliya inampa. Onyesho lile ndilo lililomnyima. Ukihakiki ulichokiona, taja kikundi, mwongozaji, mahali na tarehe, maana kesho yake watacheza tofauti na hutakuwa na ukurasa wa kukutetea.

Wapo wenzetu wanaosema kwamba haya yote ni mambo ya Kizungu, kwamba fasihi yetu ni ya jamii na mali ya jamii haitajwi mwenyewe. Ni hoja inayopendeza masikioni, hasa usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha insha. Lakini watunzi wengi wa tenzi walitaja majina yao na hata tarehe katika beti za mwisho. Na katika madrasa za pwani hii mtoto hufundishwa kwamba hadithi haipokelewi mpaka ijulikane fulani kaipokea kwa nani, na huyo kwa nani, mpaka kwa mwenyewe aliyesikia. Mnyororo ukikatika, hadithi inatiliwa shaka. Hatukungoja mtu atuletee kitabu cha kanuni kutoka Marekani ndipo tujue kuuliza nani kasema.

Miongozo ya vitabu vya mitihani siihesabu katika haya. Mtu anayenakili mwongozo neno kwa neno, iwe wa karatasi au wa kwenye simu, anajua anachofanya, na sisi tuliosoma mwongozo huohuo tunajua pia. Ninachokihofia zaidi ni kile nilichofanya mimi, kwa sababu sikujiona mwizi. Nilijiona mwanafunzi hodari aliyeshinda uhaba wa vitabu. Laiti ningeliandika kwamba nimenukuu kutoka makala ya fulani, ambaye amenukuu tafsiri ya Kiingereza ya 1970, na kwamba Kiswahili ni changu, nisingelikuwa na kosa lolote. Ingelikuwa insha yenye umaskini ulio wazi, lakini kila mtu angelijua anasoma maneno ya nani.

Niliiandika upya. Manukuu saba yakabaki matatu, yote kutoka kitabuni, na mahali pa Seyyid Said nikaandika ile sentensi ndefu, ya Kinjeketile aliyepandwa na Hongo. Mwalimu alipoirudisha alikuwa amepigia mstari neno "Hongo" na pembeni ameandika kwa penseli: "Una hakika ni Hongo? Nani kasema?" Nimerudi kitabuni mara mbili. Wanaosema ni Hongo ni watu wa kijijini, na Kinjeketile mwenyewe baada ya kuzinduka. Katika rasimu ya tatu nimeandika "kwa maelezo yao".